Maji Maangavu Yauayo: Tangi la Samaki wa Ziwa Tanganyika Nyumbani

Mtu akiwatia samaki wanane katika tangi jipya la vioo, akawalisha vizuri asubuhi na jioni, aghalabu mambo humwendea vyema kwa siku tatu za mwanzo. Siku ya nne au ya tano samaki huanza kupanda juu na kutweta, vinywa vikielekea uso wa maji. Siku ya saba mmoja huonekana akielea ubavu, na kabla ya wiki ya pili kwisha huenda asibaki hata mmoja. Mwenye tangi huyatazama maji na kuyaona ni maangavu, hayana uchafu wala harufu. Basi huamua kwamba samaki wale walikuwa wagonjwa tangu huko walikotoka. Hununua wengine, na hao nao hufa.

Samaki hao hawakuwa wagonjwa. Waliuawa na taka za miili yao wenyewe, taka ambazo hazina rangi. Katika makala haya tutaeleza namna ya kutengeneza tangi la samaki nyumbani na namna ya kulitunza, lakini tutakaa zaidi juu ya jambo hilo moja, kwa kuwa mengine yote ni rahisi kujifunza. Mfano wetu utakuwa samaki wa Ziwa Tanganyika. Tumewachagua kwa sababu mbili: kwanza ni samaki wa kwetu, pili maji waliyoyazoea huifanya hatari hiyo kuwa kubwa zaidi.

Samaki wa kwetu walio ugenini

Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470 hivi mahali palipo na kina kirefu zaidi, na ni ziwa la pili duniani kwa kina. Limekuwako kwa mamilioni ya miaka. Katika muda huo mrefu jamii moja ya samaki, ambayo wataalamu huiita sikilidi, imezaa humo spishi zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Msomaji anaifahamu jamii hii hata kama hajapata kulisikia jina lake: sato na perege ni wa jamii hiyo, na furu wa Ziwa Viktoria vilevile. Lakini wale wa Tanganyika wakaao miambani si wa kukaangwa. Wengi hawazidi urefu wa kidole, nao wana mistari, madoadoa na rangi za kila namna.

Kwa miongo mingi samaki hao wamekuwa wakivuliwa wakiwa hai na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na Japani. Mmoja wao, Neolamprologus brichardi, alipewa jina lake mwaka 1974 na mtaalamu wa samaki wa Ubelgiji, Max Poll, kwa heshima ya Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mtoto wa shule wa Berlin anaweza kumtazama samaki huyo kila jioni sebuleni kwao, hali mwenzake wa Dodoma hajapata kumwona hata katika picha.

Maji ya ziwa hilo ni ya alkali. Katika kipimo cha pH, ambacho 7 ni wastani, yaani si asidi wala alkali, maji ya Tanganyika hufikia takriban 9. Sababu mojawapo ni Mto Ruzizi, ambao hushusha chumvi nyingi kutoka Ziwa Kivu lililo katika nchi ya volkeno. Sababu nyingine ni kwamba sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani huondoka kwa kugeuka mvuke, na chumvi hubaki. Joto la maji ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 29 za Sentigredi. Msomaji na aikumbuke hiyo 9, maana tutairudia.

Tangi lenyewe

Tangi la urefu wa sentimeta 90, upana 40 na kimo 40 linamfaa sana anayeanza. Likijaa pomoni huchukua lita 144. Usidanganyike ukadhani kwamba tangi dogo ndilo rahisi kulitunza. Mambo ni kinyume chake: katika ndoo ya lita 15 kosa dogo huonekana baada ya saa chache, lakini katika lita 144 unapata siku moja au mbili za kulitambua na kulirekebisha.

Fundi yeyote wa vioo anaweza kuliunganisha kwa gundi ya silikoni, ile inayonuka kama siki wakati inapokauka. Asitumie aina iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Kioo kiwe cha milimeta 8. Wapo wanaodhani kwamba tangi refu ndilo linalohitaji kioo kinene. Sivyo: kanieneo ya maji hutegemea kina, wala si urefu wa tangi. Katika tangi letu maji hukisukuma kioo cha mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 hivi, kana kwamba mtu mzima amekiegemea usiku na mchana. Kimo kikiongezwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Gundi iachwe wiki nzima ikauke, kisha tangi lijazwe maji nje ya nyumba na kutazamwa kwa siku mbili kabla ya kuingizwa ndani.

Maji, mchanga, mawe na vioo kwa jumla vitakaribia kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi. Meza ya kawaida haitafaa. Jenga kitako cha matofali au cha mbao nene, kisawazishwe kwa pimamaji, na juu yake utandike povu gumu ili chembe ya mchanga isije ikakipasua kioo cha chini. Weka tangi mbali na dirisha lipigwalo na jua, la sivyo maji yatapata joto kupita kiasi na kuwa ya kijani kwa miani.

Mawe huwekwa kwanza, juu ya sakafu ya tangi, na mchanga hufuata. Wengi hufanya kinyume, kisha samaki hawa, ambao ni wachimbaji hodari, hufukua mchanga chini ya jiwe hadi jiwe likaanguka na kuvunja kioo. Mawe ya chokaa yanafaa sana. Ili kuyatambua, dondoshea siki juu ya jiwe: likitoa mapovu, ni la chokaa. Mchanga uwe wa mto, uoshwe hadi maji ya kuoshea yatoke safi.

Wafanyakazi wasioonekana

Sasa tulifikie jambo lenyewe. Samaki hujenga mwili kwa protini kama sisi, na mabaki ya protini ni naitrojeni ambayo sharti itolewe mwilini. Sisi tunaitoa katika mkojo ikiwa imekwisha geuzwa kuwa urea. Samaki wengi huitoa moja kwa moja kupitia katika matamvua ikiwa ni amonia, nayo ni sumu kali. Ziwani haiwadhuru, maana huyeyuka katika maji yasiyo na mwisho. Tangini haina pa kwenda.

Haiwezekani kuiona amonia kwa macho wala kuichuja kwa kitambaa. Wanaoiondoa ni viumbe vidogo mno ambavyo hujibandika juu ya mawe, mchanga na hasa katika vitundu vya sifongo la chujio. Kundi la kwanza huichukua amonia na kuiunganisha na oksijeni, ikawa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni, damu ikageuka rangi ya kahawia, na samaki akatweta katikati ya maji yaliyojaa hewa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuistahimili kwa kiasi kikubwa, na ambayo sisi huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kazi hii ilifahamika tangu mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, alipowatenga bakteria wa namna hiyo katika udongo karibu na mwaka 1890.

Hata hivyo elimu hii haijafungwa, na inapendeza kuona kwamba matangi ya samaki yameichangia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kazi ya kuigeuza amonia ni ya bakteria peke yao. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba wametenga kiumbe cha kundi tofauti kabisa, kundi la akea, kinachoifanya kazi hiyohiyo. Kilitoka katika tangi la maji ya bahari la Seattle Aquarium huko Marekani. Tena mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba wako bakteria wa jenasi ya Nitrospira wanaoweza kuzifanya hatua zote mbili peke yao, jambo ambalo halikuwa limethibitishwa kabla ya hapo. Na kundi moja la watafiti hao liliwapata katika chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Viumbe hivi huzaana polepole. Bakteria wa maziwa yaliyochacha huweza kuongezeka maradufu kwa muda mfupi, lakini hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuweza kuhudumia samaki. Katika muda huo lisikae tupu bila chochote, maana viumbe hivyo bila amonia havitaongezeka. Tia kichwa kimoja cha dagaa, uache kioze, na chujio lifanye kazi mchana na usiku. Ukiwa na vipimo vya maji utaona amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikipanda na kushuka, na mwisho nitrati peke yake ndiyo inayoongezeka. Hapo tangi liko tayari. Asiye na vipimo na angoje wiki sita kamili, kisha aanze na samaki wawili tu. Mwenye rafiki anayefuga samaki ana bahati: akamulie maji machafu ya sifongo la rafiki huyo katika tangi lake, naye atakuwa amepata mbegu.

Sasa tuirudie ile 9. Amonia katika maji huwa na hali mbili. Moja ni amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na kuua. Nyingine ni amoniamu, ambayo haidhuru sana. Kinachoamua ni kiasi gani kitakuwa katika hali ipi ni pH pamoja na joto. Katika nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, sehemu 6 hivi tu katika kila 1,000 ndizo zenye sumu. Katika pH 8 ni kama 5 katika kila 100. Katika pH 9 ni takriban 36 katika kila 100. Maana yake ni kwamba uchafu uleule, kutoka chakula kilekile, una sumu mara 60 zaidi katika maji ya Tanganyika kuliko katika maji ya wastani. Mfugaji wa samaki wa mitoni anaweza kuwa mzembe na asiadhibiwe. Wetu hawezi.

Hapa pana mtego mwingine ambao umewatatanisha wengi. Viumbe vile vinapofanya kazi hutoa asidi, na tangi lisilobadilishwa maji wala kuwa na mawe ya chokaa hushuka pH polepole, 8, kisha 7, hadi 6. Huko chini viumbe hivyo hulegea, na taka hulimbikizana zikiwa katika hali ya amoniamu, samaki huvumilia. Kisha siku moja mwenye tangi huona haya, akamwaga nusu ya maji na kutia mapya ya bomba yenye pH 8. Kwa dakika chache sehemu ya ile amoniamu iliyosalia hugeuka amonia, na samaki walionusurika miezi mitatu katika uchafu hufa katika usafi. Ndipo hutokea ule msemo kwamba samaki hawapendi maji mapya.

Maji ya bomba na ya mvua

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, nayo haibagui kati ya vijidudu vya kipindupindu na wafanyakazi wetu wa chujio. Yaache katika beseni pana lililo wazi kwa siku nzima, au yapigwe hewa kwa pampu, na klorini itaondoka. Panapotumika kloramini njia hiyo haitoshi. Itahitajika dawa ya sodiamu thiosalfeti, ambayo wapiga picha wa zamani waliijua sana kwa kazi ya kusafishia picha gizani.

Mimi mwenyewe nililipata somo hili kwa gharama. Nilikuwa na tangi lililokwisha timiza miezi mitano, samaki wanazaa. Jumamosi moja nikaliona sifongo limekuwa jeusi, nikalipeleka bombani nikalisugua hadi likawa kama jipya. Jumatatu asubuhi samaki wote walikuwa juu ya maji. Niliokoa watatu. Tangu siku hiyo sifongo langu hukamuliwa katika ndoo ya maji yaliyotoka tangini humohumo, nalo likibaki na rangi ya udongo sijali.

Maji ya mvua, na ya visima vingi vya nyanda za juu, ni laini mno kwa samaki hawa. Kokoto za mawe ya chokaa ndani ya chujio zitasaidia, kadhalika kijiko cha magadi soda ya kuokea kwa kila lita 50 za maji mapya. Lakini ole wake atakayetia magadi yale ya mawe, ya kuivishia maharage! Hayo yana kaboneti ambayo huirusha pH juu ghafla, na mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi.

Nani wakae humo

Kwa anayeanza ningependekeza N. brichardi waliotajwa juu. Ni samaki wa rangi ya mchanga wenye mapezi marefu yaliyopinda ncha, nao huonyesha jambo ambalo si la kawaida kwa samaki: watoto wa uzazi wa kwanza hawaondoki, bali hubaki na kuwasaidia wazazi kulinda na kutunza wadogo zao. Baada ya mwaka utaona rika tatu au nne katika pango moja. Anza na sita wadogo. Wawili watachaguana, na hapo wengine waondolewe, kwani wenye nyumba hawatawavumilia. Ama ukipenda wadogo zaidi, kuna N. multifasciatus, ambao madume yao hayazidi sana sentimeta 4, nao huishi katika magamba matupu ya konokono. Kila mmoja apewe magamba mawili au zaidi.

Samaki wa jenasi ya Tropheus, walao miani juu ya miamba, wanavutia mno, lakini asijaribu asiyekuwa na uzoefu. Matumbo yao ni marefu kama ya mla majani, na chakula cha nyama huwavimbisha na kuwaua.

Samaki wapatikane kwa mfanyabiashara mwenye kibali. Walishe kiasi wanachoweza kumaliza katika dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja ya wiki wasile. Viluwiluwi vya mbu wanavipenda kupita kiasi, na kuvitafuta ni kazi wanayoifurahia watoto.

Umeme ukikatika

Chujio bora kwa mazingira yetu ni lile rahisi kuliko yote: sifongo lenye bomba, linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Machujio ya gharama yaliyofungwa ndani ya kopo yana kasoro moja kubwa. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, viumbe vilivyo ndani humaliza oksijeni na kuanza kufa, na umeme urudipo chujio hutapika uozo wote tangini. Sifongo lililo wazi halina tabia hiyo.

Maji ya nyuzi 25 huweza kubeba oksijeni miligramu 8 na ushei kwa lita. Ya nyuzi 30 ni kama miligramu 7.5. Kwa hiyo umeme ukikatika mchana wa joto, usiwalishe samaki, ufunue kifuniko, na kila nusu saa uchote maji kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu. Kazi hiyo inachosha lakini inaokoa. Walio Mbeya, Njombe au Arusha wana tatizo la pili, nalo ni baridi. Hao watahitaji hita yenye kujizima yenyewe, na tangi likikosa umeme usiku wa Julai, blanketi hufaa.

Kazi ya kila wiki haizidi nusu saa: kuvuta uchafu wa mchangani kwa mpira, kubadilisha maji kwa kiasi cha sehemu moja ya tano, kufuta kioo cha mbele. Miani ya pande nyingine iachwe.

Mambo yakienda sawa, tatizo litakalofuata ni wingi wa samaki. Vitoto vya ziada visimwagwe mtoni wala bwawani kwa namna yoyote. Sangara walitiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, na walipofika miaka ya 1980 spishi nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Wape shule iliyo jirani, au mtu anayeanza kufuga. Na huyo anayeanza, kabla hujamkabidhi samaki, mkatie nusu ya sifongo lako, uifunge katika mfuko pamoja na maji kidogo na hewa nyingi, umwambie aifikishe nyumbani siku hiyohiyo ikiwa bado imelowa.